Kine na ergo si kitu kimoja
Dada, umeuliza ergo (ergothérapeute, mwenye kufundisha mugonjwa kazi za kila siku) atamusaidia mama yako nini juu ya kiharusi wakati tayari anaendaka kwa kine (kinésithérapeute, mwenye kufanyisha mazoezi ya mwili). Kine anashugulikia sana misuli na kutembea, ergo yeye anaangalia vile mama atavaa, atakula, ataoga mwenyewe.

Baba yangu hapa Bukavu, naye mwenye kiharusi, kwa ergo walimufundisha na shati: mkono wenye umelegea unaingia wa kwanza, kwa kuvua unatoka wa mwisho, na kijiko wakakifunga kitambaa mpini unenepe ili aweze kushika, siku ya kwanza maharagi yote ilibakia juu ya meza, tulicheka hadi yeye mwenyewe akacheka.

Ila mama yako musimulishe chakula kama mtoto, mumuache achelewe tu. Sasa baba anajifungia vifungo, cha juu peke yake ndio kinamushinda.