Meza ya Seremala: Meli za Mfano, Vibao Vinavyogoma na Safari ya Boti Mimi na Toutou

Barua za mara hii zote zinahusu ujenzi wa meli za mfano kwa mbao. Mchana mimi ni seremala wa milango na makabati hapa Bukavu; jioni meza ile ile inakuwa karakana ya meli. Kwa hiyo nimezijibu kwa furaha, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu tatizo lake huwakatisha tamaa watu wengi.

*Fundi, salamu kutoka Goma, huku Himbi. Ninajenga meli ya matanga yenye milingoti mitatu kwa ramani niliyochapisha kwenye karatasi, kipimo 1:50. Kiunzi kilisimama vizuri. Nilipoanza kubandika vibao vya ubavuni, vikifika omo, yaani mbele ya meli, vinapandana, kimoja kimevunjika, na sasa mkuku wenyewe, ule uti wa mgongo wa meli, umepinda. Wenzangu wanasema nitupe nianze upya.*

Mdogo wangu, usitupe kitu. Kiunzi kilichosimama vizuri ni nusu ya kazi.

Mkuku umepinda kwa sababu ulimaliza vibao vya upande mmoja kabla ya kugusa wa pili. Hukuandika hivyo, lakini mkuku wako umesema. Kole ikikauka inavuta, na kibao kilichokunjwa kinataka kurudi kunyooka. Nguvu hizo zote zikiwa upande mmoja, mkuku wa tripleksi ya milimita 4 hauna ujanja. Kole nyeupe ya mbao hulegea kwa maji ya moto: lowesha kitambaa, kilaze juu ya maungio, ngoja, kisha ingiza kisu chembamba polepole. Vibao vikishatoka, bana kiunzi juu ya ubao ulionyooka kingali na unyevu, ukiache siku mbili tatu. Halafu vuta uzi kutoka ncha ya omo hadi tezi, yaani nyuma. Ukipita katikati ya kila ubavu wa kiunzi, endelea. Usipopita, bana tena. Usisonge mbele kwa kutumaini kwamba rangi itaficha. Kuanzia hapo, kibao kimoja kushoto, kimoja kulia, mpaka mwisho.

Sasa huko omo, ambako ndiko kuna utamu wa kazi hii. Chukua ukanda wa karatasi, uzungushe kwenye ubavu mpana wa katikati, kutoka sitaha hadi mkuku, utie alama. Fanya vivyo hivyo kwenye ubavu wa mwisho wa omo. Tuseme katikati umepata milimita 60 na omo 36. Vibao vyako vina upana wa milimita 5, kwa hiyo katikati vinaingia 12. Vibao hivyo hivyo 12 vinatakiwa kuingia kwenye milimita 36, maana yake kila kimoja kikifika omo kiwe kimepunguzwa hadi milimita 3. Wewe uliviacha na upana wake wote, vikakosa pa kukaa. Mafundi wa meli wana kanuni ya zamani: kibao kisipunguzwe chini ya nusu ya upana wake. Hesabu ikikushusha chini ya hapo, fanya vibao viwili viishie mbele ya kimoja kipana. Tezi mara nyingi huleta shida ya kinyume, nafasi inabaki wazi, na hapo unaingiza kabari ndefu nyembamba. Bana kibao cha kushoto na mwenzake wa kulia pamoja, uvipige randa kwa mara moja, ili pande zote mbili za meli zifanane.

Kuhusu kile kilichovunjika: kibao hukubali kukunjwa kwa ubapa wake, hakikubali kukunjwa kwa ukingo wake. Ukishakipunguza vizuri hutahitaji kukilazimisha. Kiloweke kwenye maji ya moto. Tia makala yenye moto ndani ya kopo tupu la maziwa, liweke juu ya babula, kisha kizungushe kibao taratibu kwenye ubavu wa kopo. Kitatoa mvuke na utakisikia kikilegea mkononi. Mvuke ukiisha kishikilie hapo hapo hadi kipoe, maana kikipoa ndipo kinashika umbo. Usikibandike kikiwa bado na maji: kitasinyaa usiku na asubuhi utakuta nyufa kila mahali.

Hukusema umetumia mti gani. Kama ni mkaratusi, uache. Wavuvi wetu wanaupenda kwa miti mirefu ya mitumbwi yao, na wana haki, lakini ukipasuliwa vipande vyembamba unajipinda ukikauka. Mimi hutumia msanduku, ule unaopandwa sana huku milimani, kutoka kwenye mabaki ya maseremala wanaopiga dari. Nyuzi zake ni laini na hazina vitundu vya kuonekana. Chagua sehemu isiyo na macho. Libuyu ni mzuri kwa mkuku na usukani. Kwa kapi ndogo za kamba, tafuta shina la mkahawa mzee lililong'olewa shambani: ni gumu, halimeguki, na ukilipiga msasa linang'aa lenyewe.

Na usitumie pini za chuma zikabaki kwenye ubavu. Tengeneza misumari ya mianzi. Toboa matundu kwenye kipande cha chuma kigumu, kila tundu dogo kidogo kuliko lililotangulia, la mwisho lisizidi milimita moja. Pasua mwanzi uliokauka, chonga ncha, upitishe kwenye tundu kubwa na uuvute kwa koleo, kisha linalofuata, kisha linalofuata, mpaka utoke uzi wa mviringo. Wajenzi wa meli za mfano duniani kote wanafanya hivi, na sisi tuna mianzi hadi kwenye misitu ya Kahuzi (tafadhali nunua sokoni, usikate ndani ya mbuga).

*Fundi, mimi ni mama wa hapa Bukavu. Kijana wangu wa miaka 12 ameona meli za matanga kwenye simu na anataka kujenga. Visanduku vyenye vipande tayari ni ghali na vinatoka Ulaya. Nifanye nini?*

Mama, usinunue kisanduku. Mpeleke asubuhi ufukweni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaporudi, ukiwa na mita ya fundi cherehani, daftari na penseli. Omba ruhusa kwanza. Mvuvi akiona mtoto anauliza kwa heshima atamwonyesha mpaka fundo. Apime urefu wa kila mtumbwi, upana wake katikati, kina chake, na nafasi kati ya mmoja na mwingine. Mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti, na ile miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma kubeba wavu, ndicho chombo kizuri kuliko vyote cha kuanzia. Akikuta mtumbwi wa mita 8, kwa kipimo 1:25 utakuwa na sentimita 32. Kila mtumbwi auchonge kutoka gogo moja dogo, bila vibao, na kamba ziwe za uzi wa nyavu.

Nasema hivi kwa imani kubwa. Anayenakili picha hujifunza picha ya mtu mwingine. Anayepima chombo kwa mikono yake huanza kuona kwa nini ubavu umejaa hapa na kubana pale, na jicho hilo atalitumia hata akijenga meli ya milingoti mitatu baadaye. Tena chombo hiki kina historia yake: sambaza hawakuwa samaki wa Ziwa Kivu, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na uvuvi huu wa taa za usiku ulikua pamoja nao.

Kama anahofia kukosa vifaa, mwambie habari za mabaharia na askari wa Ufaransa waliofungwa Uingereza wakati wa vita vya Napoleon. Walijenga meli kwa mifupa ya nyama waliyopewa kula, wakaziuza, na baadhi zimo kwenye makumbusho hadi leo.

Kisu kiwe kikali, na mkono unaoshika mti ukae nyuma ya kisu siku zote.

*Fundi, nikipiga msasa napiga chafya na ngozi inawasha. Msomaji, Kadutu.*

Kama mti wako ni mvule, ndio unaokusumbua. Vumbi lake linajulikana kwa kuwasha ngozi na kuleta pumu. Badilisha mti, fanyia kazi nje, funika pua. Kifua kikibana, nenda kwa daktari.

*Ndugu fundi, mimi ni mzee mstaafu wa Lubumbashi. Nataka kuwaonyesha wajukuu zile boti mbili za Waingereza zilizopita hapa kwetu wakati wa vita vya kwanza. Nianzie wapi?*

Mzee wangu, shikamoo. Umechagua vizuri. Mimi na Toutou zilikuwa boti za injini zenye urefu wa mita 12.2 hivi na upana wa mita 2.4, bodi ya mbao ya mahogani. Mwaka 1915 zilitoka Cape Town kwa treni, zikapita mjini kwenu, enzi hizo Elisabethville, hadi Fungurume. Kutoka hapo zilivutwa kwa magari ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba, kisha reli tena, kisha mto Lualaba kutoka Bukama hadi Kabalo, na reli hadi Ziwa Tanganyika. Tarehe 26 Desemba mwaka ule ziliteka meli ya Wajerumani, Kingani.

Kwa kipimo 1:20 utapata sentimita 61 kwa 12. Libuyu hapa ndio mti wenyewe, kwa kuwa ni jamaa ya mahogani na rangi inafanana. Mzinga mdogo ukae omo ukielekea mbele moja kwa moja, kwa sababu haukuweza kupigwa kuelekea kando bila kuiumiza boti.

Kama wajukuu watapenda pia ile meli kubwa ya Wajerumani, Goetzen, ambayo leo ni Liemba, kumbuka ilikuwa ya chuma. Ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma. Usiibandike vibao, gundisha mbao bapa moja juu ya nyingine, uchonge, ulainishe. Kwa 1:100 itakuwa na sentimita 71.

Lakini ushauri wangu ni usiiweke Mimi majini. Ijenge ikiwa juu ya gari lake la magurudumu, kamba zimekaza, ng'ombe mbele, njia inapanda. Kwa magurudumu kata vipande vya shina la mkahawa kwa upana, uviache vikauke kivulini wiki kadhaa kabla ya kutoboa katikati, na upasue zaidi ya unavyohitaji, maana vingine vitapata ufa.