Senje, bibi yangu amepimwa kila kitu, nimuoe wa pili?

*Senje mulembe. Mimi ni kijana wa miaka 32, nyumbani ni Mumias lakini nafanya welding hapa Kisumu upande wa Kibuye. Nimeoa, huu ni mwaka wa nne na hatujapata mtoto. Bibi yangu amezunguka hospitali, amepigwa scan, amepimwa homoni, juzi akafanyiwa ile picha ya mirija akarudi analia na uchungu, na kila mara wanasema yuko sawa. Mamangu ameanza kumuita tasa mbele ya watu na ananiambia kuna msichana huko nyumbani niende nimuone. Mimi sina shida, nguvu ziko, ingawa siku zingine nikitoka keg jogoo anakataa kuwika. Nakunywa karibu kila jioni, wikendi changaa kidogo, na bangi navuta asubuhi kabla ya kazi manake inanipa stimu. Mabeshte wanasema bangi ni majani tu haina shida. Nifanye aje? – Fundi, Kisumu*

Fundi mwanangu, mulembe kabisa. Nimeisoma barua yako yote nikitafuta mahali umeandika kwamba wewe pia umepimwa, na sijapaona. Bibi yako amelala kwa meza ya X-ray akapitishiwa dawa kwenye kizazi mpaka akalia, na wewe hujatoa hata kikombe kimoja cha manii kikaangaliwa kwa darubini, kipimo ambacho hakina sindano wala uchungu wowote. Hiyo ndiyo kitu imeniuma kwa hii barua. Kabla hujasema neno lingine kuhusu mke wa pili, nenda upimwe.

Unasema nguvu ziko kwa hivyo huna shida. Hapo ndipo wanaume wengi wanakosea njia. Nguvu za kitandani ni kitu kimoja na mbegu ni kitu kingine kabisa, mwanaume anaweza kuwa na nguvu kama ng'ombe dume na kwenye yale maji hakuna mbegu hata moja, na kwa macho huwezi kujua manake maji yanatoka vile vile. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema mwaka wa 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupitia shida ya kupata mtoto maishani mwake, na kati ya wanandoa wanaohangaika, karibu nusu yao upande wa mwanaume unachangia, ukiwa peke yake ama pamoja na wa mwanamke. Karibu nusu, Fundi. Sasa huyo msichana wa nyumbani ukimuoa na shida iko kwako, si atakuwa wa pili kuitwa tasa?

Tuje kwa pombe. Pombe ya kila jioni inaingia kwa hii mambo kwa njia mbili tatu. Ubongo ndio hutuma homoni za kuamsha makende yatengeneze testosteroni, ile homoni ya kiume, na mbegu, na pombe nyingi inapunguza huo ujumbe, alafu inaenda inaumiza zile seli za kwenye makende zenyewe. Ini nalo likichoka halisafishi vizuri ile homoni ya kike ambayo kila mwanaume ako nayo kidogo, ndio unaona mzee aliyekunywa miaka mingi amevimba matiti na makende yamenywea. Kuna utafiti ulifanywa Denmaki kwa vijana zaidi ya elfu moja, ukatoka 2014, na waliokunywa sana kwa wiki ndio mbegu zao zilikuwa vibaya zaidi. Na hiyo ya jogoo kukataa ukitoka keg usiichukulie kama uchovu wa kazi, pombe inapunguza nguvu usiku huo huo na ukiendelea miaka inakuwa ni mazoea ya mwili.

Changaa nayo sitaki hata kuizungumzia sana. Hakuna mtu anajua ndani kuna nini, Kenya tumezika watu wengi na wengine wamebaki vipofu kwa sababu ya methanoli, ile pombe ya sumu. Wacha hiyo leo.

Kuhusu bangi mabeshte wako watakuambia ni majani tu. Sawa, hata sumu nyingi ni majani. Ile dawa ya ndani ya bangi inayokupa stimu, THC, inafanya kazi kwa kushika sehemu maalum kwenye ubongo, na sehemu kama hizo ziko pia kwenye makende na kwenye mbegu zenyewe, kwa hivyo haiishii kichwani peke yake. Hao hao wa Denmaki mwaka wa 2015 walitoa utafiti mwingine wa vijana 1,215, na waliovuta zaidi ya mara moja kwa wiki walikuwa na mbegu chache kwa asilimia 28 kuliko wasiovuta. Wewe unavuta kila asubuhi. Alafu hiyo THC inakaa kwa mafuta ya mwili, kwa mtu wa kila siku inachukua wiki kadhaa kuisha. Sitakudanganya pia, kuna utafiti wa Boston wa 2019 ulipata kinyume, kwamba waliowahi kuvuta walikuwa na mbegu nyingi kuliko wasiowahi, na watafiti wenyewe wakasema watu wasichukue hiyo kama ruhusa ya kuvuta. Mimi nikiangalia mtu anatafuta mtoto mwaka wa nne, sioni kwa nini aendelee kubahatisha na kitu kama hicho. Na ukiwa na moto wa welding mkononi kichwa kikiwa kimepanda, hiyo ni hatari nyingine, vidole havioti tena.

Najua utasema jirani anakunywa tangu asubuhi na ana watoto saba. Ndio, wako wengi. Si kila mlevi anakosa mtoto, miili haifanani. Lakini mwanaume ambaye mbegu zake zilikuwa zinatosha kidogo tu, hizo vitu mbili zinaweza kumsukuma chini ya kiwango, na huwezi kujua wewe ni yupi mpaka upimwe.

Sasa kupimwa kwenyewe, manake naona aibu ndiyo inazuia wengi. Hapo Kisumu uko na hospitali ya Jaramogi, ile watu huita Russia, nenda uulize. Kaa bila kufanya mapenzi wala kujichua siku mbili hadi saba, si chini si zaidi. Watakupa kikombe safi. Usitumie kondomu ya kawaida, usitumie mate wala mafuta wala sabuni, hizo zote zinaweza kuharibu mbegu, na usimwage ile ya kwanza manake ndiyo ina mbegu nyingi. Ukitolea nyumbani kifikishe ndani ya saa moja, kifunge vizuri ukiweke ndani ya shati karibu na ngozi kisipate baridi wala jua, si kwa boot ya nduthi. Wataangalia wingi, vile zinaogelea na umbo. Kiwango cha chini cha WHO cha 2021 ni mbegu milioni 16 kwa kila mililita na angalau asilimia 42 ziwe zinasonga, lakini usijisomee hizo namba peke yako ukapata presha, peleka kwa daktari. Majibu yakiwa mabaya utarudia baada ya wiki kadhaa, kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu. Mwambie daktari pia kama umekuwa na malaria kali ama homa yoyote kubwa miezi mitatu iliyopita, na umwambie unafanya kazi kwenye joto, manake makende yanataka kuwa baridi kuliko mwili kwa digrii mbili hadi nne. Na kama kuna mtu wa gym amewahi kukudunga testosteroni usifiche, hiyo inazima utengenezaji wa mbegu.

Mbegu moja inachukua siku kama 72 kutengenezwa alafu wiki moja mbili za kukomaa. Maana yake ukiacha pombe na bangi leo, utaona tofauti baada ya miezi mitatu hivi, si wiki ijayo. Kwa hivyo usiache kwa mwezi mmoja ukaona haijashika ukarudi keg. Na hizo dawa za nguvu zinazouzwa stendi na kwa bango, achana nazo, haziongezi mbegu.

Jambo moja la kuangalia sana. Kama asubuhi mikono inatetemeka, unatoa jasho ama huwezi kuanza siku bila glasi, usikate pombe ghafla peke yako, mtu anaweza kupata kifafa akafa. Pitia kwa daktari kwanza akupunguze taratibu, ama upige simu 1192 ya NACADA, wale wa serikali wa mambo ya pombe na dawa za kulevya, hiyo ni bure.

Mamako nitakuachia wewe, lakini usimtume bibi yako akamjibu. Mpigie wewe mwenyewe umwambie daktari amesema mwanaume ndiye anapimwa sasa, na neno tasa lisitamkwe tena kwa hiyo nyumba. Alafu mwombe bibi yako msamaha kwa hiyo miaka yote alienda hospitali peke yake, umwambie safari hii mnaenda wote wawili. Hata majibu yakitoka sufuri bado kuna njia, kuna mirija iliyoziba inayofanyiwa upasuaji, kuna mishipa iliyovimba kwenye makende inayotibika, na IVF, ile ya kutungisha mimba kwa maabara, iko hapa Kenya, watoto wa kwanza walizaliwa 2006, ingawa ni laki kadhaa. Ukipata majibu niandikie, na uniandikie pia vile yeye amesema.