Maswali ya Wasomaji: Programu Ipi ya Kutoa Picha za Nyumba Zinazofanana na za Kamera?

SWALI: Nachora nyumba kwa SketchUp, na wateja wanataka picha ambazo mtu akiziona adhani zimepigwa kwa kamera. Kila ninayemuuliza anasifia ya kwake: Lumion, V-Ray, Corona, Twinmotion, Blender. Kadi ya picha ya kompyuta yangu ina memori ya GB 8. Nichukue ipi?

JIBU: Anza kwa kuhesabu mteja wako hubadili mawazo mara ngapi kabla ya kuridhika. Enscape, Twinmotion, Lumion na D5 Render huonyesha picha papo hapo. Ukisogeza ukuta, kivuli nacho kinasogea. V-Ray, Corona na Cycles (iliyomo ndani ya Blender) hufuata mwale wa mwanga unavyogonga sakafu, ukadunda hadi darini, ukarudi ukutani. Hesabu hiyo ndiyo inayoleta uhalisia, na ndiyo inayokula dakika au saa nzima kwa picha moja. Mpaka kati ya makundi haya unazidi kufifia, maana hata Twinmotion sasa inaweza kufuata miale, lakini kwa kuchagua bado unasaidia.

Corona iondoe mapema: inafanya kazi ndani ya 3ds Max na Cinema 4D, si SketchUp, tena inategemea prosesa, kwa hiyo kadi yako ingekaa karibu bure. Enscape na V-Ray zote huishi ndani ya SketchUp. Kama kila wiki unaambiwa ubadilishe vigae na madirisha, Enscape itakuokolea muda mwingi. Kama unatakiwa picha chache za ndani zitakazokaguliwa kwa karibu, V-Ray. Lumion inang'ara kwenye mandhari ya nje, yaani miti, nyasi na watu. Twinmotion ni bure kwa mtu au kampuni ambayo mapato yake ya mwaka hayafiki dola milioni 1 za Marekani, na kwa anayeanza hatuoni sababu ya kutoijaribu kwanza.

Blender ni bure kwa kila mtu, ila haifungui faili ya SketchUp moja kwa moja. Utahamisha modeli kwa FBX au OBJ (aina za faili ambazo programu nyingi husoma), na kila mteja akibadili mlango unaanza tena kuhamisha. Watu husahau kuuhesabu muda huo wanaposema haina gharama.

Sasa GB 8 zako. Tekscha (picha inayovalishwa uso wa kitu) ya pikseli 4096 kwa 4096 ikifunguliwa bila kubanwa hula MB 64 za memori, hata kama faili yake kwenye diski ni MB 5 tu. Sakafu moja ya mbao huwa na tekscha nne hivi: ya rangi, ya mng'ao, ya mabonde ya juu juu, na ya vivuli vya kwenye mianya. Hizo ni MB 256. Ukiwa na nyuso 20 za namna hiyo umeshamaliza GB 5, na hujapanda hata mti mmoja. Memori ikijaa, programu hujifunga yenyewe au hutambaa kama konokono, kisha lawama zote humwangukia aliyeitengeneza. Pikseli 4096 ziachie vitu vilivyo mbele ya kamera. Mto wa kochi lililo mwisho wa chumba unatosheka na 1024, ambazo ni MB 4.

Usinunue leseni kwa kuvutiwa na picha za matangazo. Pakua matoleo ya majaribio, ingiza modeli yako ileile, kamera ileile, ukubwa uleule wa picha, halafu ushike saa.

SWALI: Natumia Cycles. Chumba kimejaa chenga (vidoadoa) hata nikiongeza sampuli (miale inayopimwa kwa kila pikseli), na jua haliingii dirishani. Nihamie programu ya kulipia?

JIBU: Bado. Tatizo liko kwenye kioo. Kioo cha Glass BSDF, yaani nyenzo ya kioo iliyomo Blender, huzuia mwanga wa moja kwa moja kama ukuta; unaopenya hupita njia ya kuzunguka, na njia hiyo ndiyo inayozaa chenga. Weka Mix Shader, nodi (kisanduku cha mpangilio) inayochanganya nyenzo mbili: tundu la kwanza Glass, la pili Transparent, na kwenye Fac, tundu la kiasi cha mchanganyiko, unganisha Is Shadow Ray kutoka nodi ya Light Path. Jua litaingia. Kisha weka Area Light yenye ukubwa wa dirisha, iangalie ndani, na uiwekee tiki kwenye Portal ili Cycles ijue mwanga wa anga unaingilia wapi.

Kuhusu sampuli, ili chenga zipungue nusu lazima uziongeze mara nne: kutoka 256 hadi 1024. Ndiyo maana kuongeza kidogo kidogo hakuonekani. Fika 512 hivi, halafu uiachie OpenImageDenoise, zana ya kuondoa chenga iliyomo Blender, isafishe. Ukiiwasha wakati chenga bado ni nzito, pembe za ukuta zitatoka na madoa ya kupakwapakwa.

Angalia pia rangi nyeupe ya kuta. Ikiwa umeiweka 1.0, mwanga haufi kamwe, unadunda tu. Ishushe hadi 0.8, rangi halisi ya ukutani nayo humeza mwanga kiasi.

SWALI: Nimeshabadili programu mara tatu, picha bado zinaonekana za plastiki. Nakosea wapi?

JIBU: Tazama ukingo wa meza yako. Kama ni mkali kama wembe, ndipo hapo. Ukingo wa kweli una mviringo mdogo unaonasa mstari wa mwanga. Upe mviringo wa milimita 2 au 3. Sakafu nayo isiwe na mng'ao wa namna moja kote, maana panapokanyagwa sana hupoteza nuru. Kamera iweke kimo cha macho, mita 1.5 au 1.6, na mistari ya wima ibaki wima. Mwisho, pima mlango ndani ya programu: ukisoma mita 2,000 badala ya 2, modeli ilihamishwa kwa milimita, na hakuna ukungu wala vivuli vitakavyokaa sawa mpaka urekebishe hilo.