Swali la lugha: "yangeweza kusababisha" au "huenda yalisababisha"?

Mwalimu mmoja wa jiografia anaandaa notsi kuhusu ile baridi iliyozikumba nchi za kaskazini miaka kama 12,900 iliyopita, kipindi kinachoitwa Younger Dryas, anauliza kama sentensi yake iko sawa: "Maji ya barafu yangeweza kusababisha hali ya hewa kubadilika ghafla."

Hapana mwalimu wangu, hiyo -nge- inakuangusha. Mtu akikwambia "ningekuja harusini" unajua tayari hakuja, sasa ukiandika "yangeweza kusababisha" msomaji anaelewa kwamba hayakusababisha, wakati we unataka kusema inawezekana kabisa ndivyo ilivyokuwa ila haijathibitika. Hapo neno ni huenda, na kitenzi unakiacha na -li- yake: "Huenda maji ya barafu ndiyo yaliyosababisha..." Siku hizi -nge- inapachikwa kila mahali hadi kwenye vitabu vya shule, na inaniuma kwa kweli, maana ina kazi yake nzuri tu: "Maji yale yasingemwagika Atlantiki, joto lingeendelea kupanda." Hoja yenyewe ni kwamba ile barafu kubwa iliyofunika Kanada iliyeyuka, maji yake hayana chumvi kwa hiyo ni mepesi, yakatanda juu ya bahari badala ya kuzama, mkondo unaopeleka joto kaskazini ukalegea, Greenland na Ulaya zikarudi kwenye baridi kali kwa miaka kama 1,200.

Ila pia sio kila sababu ipewe huenda ileile. Hiyo ya maji inaungwa mkono na wanasayansi wengi, kwa hiyo hata "inaelekea" inakubalika. Ile ya kimondo kupasuka angani, iliyotolewa 2007, inapingwa sana, andika "wapo wanaodai". Yamkini ni sawa na huenda, ina harufu ya kitabu kidogo basi. Neno "eti" usiliguse kwenye notsi, linamdharau mwenye hoja.

"Ghafla" iache lakini taja muda, kwa sababu baridi ile ilipoisha joto la Greenland lilipanda kama digrii 10 ndani ya miongo michache, kwa umri wa dunia hiyo ni ghafla kweli ila mwanafunzi atadhani ni usiku mmoja. Na badala ya hali ya hewa weka tabianchi, hali ya hewa ni mvua ya leo jioni au jua la kesho.