Maswali yenu ya figo: orodha mnayoitafuta haipo

Maswali ya figo yamerundikana, nayajibu yote leo. Ya presha na sukari yatasubiri, ingawa wengi wenu mngeyashughulikia hayo mapema msingefika kwenye haya.

Figo moja inauzwa shilingi ngapi? Nina afya njema, nina shida ya mtaji. (Kijana, Masasi)

Haiuzwi. Mnaniuliza hili kila mara na jibu halijabadilika. Na hao wanaotuma ujumbe kwa jina la hospitali ya India wakitaka kwanza ulipe ada ya usajili ni matapeli: wanaitaka hiyo ada, figo yako hawana kazi nayo.

Kaka yangu anasafishwa damu pale hospitali ya Mitengo, Mtwara, mara tatu kwa wiki. Tunataka aandikishwe kwenye orodha ya kusubiri figo. Ofisi iko wapi? (Newala)

Hakuna ofisi kwa sababu hakuna orodha. Orodha huwepo penye figo za marehemu za kugawa, na kwetu figo zinazopandikizwa hutoka kwa ndugu walio hai. Muhimbili walianza Novemba 2017, Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018, na kote huko mgonjwa huenda na mtu wake. Usipokuwa na mtu, daktari hana stoo ya kukuchukulia figo.

Watu wakisikia hivyo hudhani basi kwetu hakuna mgawo. Upo, tena mkali. Anayepata ni mwenye ndugu wengi wazima, mwenye bima au shamba la mikorosho la kuuza, na anayekaa karibu. Mtu wa Dar es Salaam hupanda daladala akapima, akarudi nyumbani, akaenda tena. Ninyi mnasafiri zaidi ya kilomita 500, mgonjwa na mchangiaji wake, kwa vipimo visivyoisha siku moja, na huku mgonjwa kesho kutwa anatakiwa mashineni. Anayetoka Liwale wakati wa masika simsemi. Ningependa kujua utaratibu huu ulipitishwa na kikao gani.

Na hili hukuliuliza: msikae. Kadiri mtu anavyodumu miaka mingi kwenye mashine, ndivyo matokeo ya figo mpya yanavyopungua uzuri. Zungumzeni na daktari wa figo sasa. Msingoje mnada wa korosho ndipo mfungue mdomo.

Mimi ni O chanya, mgonjwa wetu ni O hasi. Inawezekana? (Kilwa Kivinje)

Inawezekana. Kwenye figo, chanya na hasi havihesabiwi, huangaliwa A, B na O. Mwenye O humpa yeyote, ila yeye hupokea kwa O mwenzake tu.

Nasikia Marekani kuna foleni ya haki, aliyetangulia ndiye anayepewa. Kwa nini tusiige? (Mwalimu, Shangani, Mtwara)

Mwalimu, umesikia nusu. Kwenye orodha ile wamo watu zaidi ya 100,000, wengi wao wakingoja figo, na muda wa kungoja ni kigezo kimoja tu. Tangu Desemba 2014 figo za marehemu hupangwa madaraja kama korosho ghalani: umri wa marehemu, presha, sukari, namna alivyofariki. Asilimia 20 zilizo bora huelekezwa kwanza kwa asilimia 20 ya wagonjwa wanaotarajiwa kuishi nazo muda mrefu zaidi. Kabla ya hapo figo ya kijana wa miaka 20 iliweza kwenda kwa mzee wa miaka 70, akafariki nayo ikiwa bado nzima, na kijana akapewa iliyochoka, akarudi kwenye foleni baada ya miaka michache. Ulaya, nchi zilizo chini ya Eurotransplant, shirika lao la kugawana viungo, zilianza mwaka 1999 kuwapa wazee wa miaka 65 na zaidi figo za marehemu wa rika lao, tena wa karibu, ili figo isikae sana kwenye barafu. Mzee anapata mapema, ila anapata ya mzee. Mimi, ambaye umri unanisogeza upande huo, sioni ubaya.

Mabadiliko hayo ya Marekani ya 2014 yaliwafaa sana wale ambao kinga za miili yao hukataa karibu kila figo. Wengi wao ni wanawake waliozaa na watu walioongezewa damu mara kwa mara. Walipewa pointi nyingi, wakaanza kupata. Na hapohapo, kwa kuwa waliokaa sana kwenye mashine nao walisogezwa mbele, figo zinazochelewa kuanza kazi ziliongezeka. Kila ukivuta shuka upande mmoja, kuna mguu unaobaki nje. (Akina mama, tibuni upungufu wa damu mapema kliniki. Chupa ya damu isiyo ya lazima inaweza kuja kukugharimu figo.)

Sasa ambalo hukulisikia. Kwa miaka mingi kikokotoo cha utendaji wa figo kilimpandishia mtu mweusi alama kwa weusi wake tu, akaonekana kwenye karatasi kuwa ana nafuu. Muda wa foleni huweza kuanza kuhesabiwa kipimo kikishuka hadi 20, kwa hiyo mwenzake mweupe mwenye majibu yaleyale ya damu alikuwa ameshaanza kuhesabiwa. Kikokotoo hicho kilipigwa marufuku kwenye orodha mwaka 2022, na mwaka uliofuata hospitali zikaagizwa kuwarudishia weusi muda wao. Maelfu ya watu walirudishiwa. Kwa hiyo tukiiga, tuige pamoja na ukaguzi. Na wewe ukiona majibu yako ya maabara yana tarakimu mbili, moja ya "mweusi" na nyingine ya "asiye mweusi", muulize daktari anatumia ipi na kwa nini.

Nikienda India wataniweka kwenye foleni yao? (Lindi mjini)

Foleni yao huanza na wa jimbo, kisha wa kanda, kisha wa nchi nzima, kisha wenye asili ya India, halafu mgeni. Wewe ni wa mwisho katika nchi ya watu zaidi ya bilioni moja. Nenda na ndugu wa damu na makaratasi ya undugu yaliyothibitishwa, maana sheria yao ya upandikizaji ya 1994 inawabana. Atakayekwenda na "binamu" aliyemjulia stendi ya Mbagala akirudishwa asinilaumu.

Ukoo umekaa na kuamua mimi ndiye nimpe kaka figo kwa kuwa sina mume wala mtoto. Tuna baba mmoja, mama mbalimbali. Naogopa kukataa. (Tandahimba)

Mdogo wangu, kikao cha ukoo hakina mamlaka juu ya figo yako, hata wangechinja mbuzi. Omba kumwona daktari peke yako, mwambie hutaki. Madaktari wa kazi hii wanajua kuiambia familia "huyu hafai" na kuishia hapo.

Halafu hesabu ya ukoo wako imekaa kichwa chini. Mwanamke ambaye hajazaa ndiye wa kufikiriwa sana kabla ya kutoa, kwa sababu hatari ya presha ya ujauzito huongezeka baadaye. Na kwa baba mmoja mama mbalimbali, mnalingana nusu mkibahatika, wakati ndugu wa tumbo moja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kabisa. Dawa za siku hizi hubeba hata wasiolingana, lakini basi hiyo hoja inamhusu kila mwanaukoo. Kaka wengine wangapi wamepimwa? Dunia nzima wanawake ndio wanaotoa figo kwa wingi kuliko wanaume, na kwenye kupokea wanapungua. Sijaona kikao cha ukoo kinachojadili hilo.

Ukitaka kutoa kwa moyo wako, hilo jambo jingine, nami nitakupongeza.

Mwanaume akitoa figo, nguvu zinapungua? (Nachingwea)

Hapana. (Huyu hapa mmoja wa kaka niliokuwa nawauliza.)

Shehe wetu anasema kutoa kiungo cha maiti ni haramu. Je, hiyo ndiyo sababu hatuna orodha? (Mikindani)

Simbishii shehe wako. Ila baraza la kimataifa la fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, lilikaa Jeddah mwaka 1988, likaruhusu kwa masharti na kukataza kuuza. Saudia wenyewe wanapandikiza figo za marehemu. Papa Yohane Paulo wa Pili naye aliwaunga mkono madaktari wa upandikizaji kule Roma mwaka 2000. Kwa hiyo dini msiisingizie.

Wanaodhani sheria peke yake itatosha watazame Uhispania. Sheria ya kumhesabu kila marehemu kuwa amekubali, isipokuwa alikataa, waliipitisha 1979. Lakini walipaa baada ya 1989, walipounda chombo cha taifa na kuweka hospitalini madaktari ambao kazi yao ni kumtambua mchangiaji na kukaa na wafiwa. Na mpaka leo familia huulizwa. Kwetu hilo linataka vitanda vya wagonjwa mahututi, wataalamu wa kuthibitisha kifo cha ubongo, na watu wa kuzungumza na wafiwa kwa adabu, Mtwara na Lindi pia. Nami nitakuwa na swali: figo ya marehemu wa Mtwara itapandishwa ndege kwenda Dar es Salaam, sawa. Mgonjwa wa Mtwara atapandishwa na nani?

Naomba namba ya daktari wa figo. (Watu wengi, sehemu nyingi)

Sitoi. Nenda kliniki na kadi yako, na majibu ya zamani usiyaache nyumbani.