Kabla hujashika spana, uliza gari linavuta lini

Vijana mnaoingia gereji mwaka huu, wengine mkitoka chuo cha ufundi cha VETA na wengine mkianzia kwenye kuosha spea na kushikilia jeki, nataka tuzungumze tatizo moja tu: gari linalovuta upande. Hapa Dodoma halikosekani. Mteja anafika, anazima injini, anasema, "Fundi, linanivuta kushoto." Na mara nyingi mno nimemsikia kijana akijibu hapohapo, "Hiyo alaimenti, bosi," yaani pembe za magurudumu hazijalingana. Jibu hilo ndilo ninaloomba mliache.

Nami niliwahi kulitoa. Katika mwaka wangu wa kwanza mzee mmoja wa Bahi, mkulima wa mpunga, alileta pikapu yake ikivuta kulia. Nikampeleka kwenye mashine ya alaimenti, akalipa. Wiki haikuisha, akarudi na malalamiko yaleyale. Nikampeleka tena, akalipa tena. Mara ya tatu fundi aliyekuwa akinifundisha alilizunguka gari kimyakimya, akasogeza kiganja karibu na rimu ya mbele kulia, kisha akaniita nifanye hivyo hivyo. Joto lilinipiga kama nimefunua sufuria. Rimu ya kushoto ilikuwa vuguvugu tu. Breki ya kulia ilikuwa inakamata na haiachii. Mzee yule alikuwa amelipia mara mbili kazi ambayo gari lake halikuihitaji, na siku zote hizo aliendesha barabara ya Bahi na breki mbovu. Bado inaniuma, na ndiyo sababu ya kuwaandikia.

Kwa hiyo anza na swali: linavuta lini? Linavuta muda wote likiwa kwenye mwendo? Linavuta ukikanyaga breki tu? Ukikanyaga mafuta? Au linavuta upande ule uliotoka kukata kona? Kila jibu lina mlango wake. Mteja asipoweza kueleza, panda gari naye, yeye aendeshe kwanza. Utaona anavyoushika usukani, utasikia anachokiita kuvuta. Wengine husema gari linavuta kumbe linakwenda sawa kabisa, ila usukani umekaa upande. Hilo ni jambo jingine: mara nyingi tairodi, vile vyuma vinavyounganisha stelingi na magurudumu, zimerekebishwa bila kulingana, na gari halivuti popote.

Ukishajua linavuta lini, uliza barabara ipi. Lami haijengwi bapa kama meza. Katikati huinuliwa ili maji ya mvua yatelemkie pembeni, kwa kawaida asilimia 2 hadi 3. Kwenye njia yenye upana wa mita 3 na nusu, ukingo unakuwa chini ya katikati kwa takribani sentimita 7 hadi 10. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari zima lisilo na ugonjwa litaelea polepole kushoto ukilegeza usukani. Hilo si kosa. Na msidanganyike kwamba ukigeuza na kurudi barabara ileile mteremko utakuwa umejipima: ukirudi bado uko kushoto kwako, na kushoto kwako bado kumeinama. Tafuta sehemu bapa kweli, eneo pana la wazi lisilo na watu, ndipo upime. Ila gari linalovuta kulia kwenye barabara iliyoinamia kushoto, hilo usilitilie shaka. Lina tatizo.

Upepo nao tunao. Miezi ya kiangazi unavuma kutoka mashariki na kusini mashariki bila kupumzika, na gari lenye bodi ndefu kama Hiace linausikia sana. Huu ndio unaopimwa kwa kugeuza. Ukielekea Kondoa, kaskazini, unakupiga ubavu wa kulia, ukirudi mjini unakupiga wa kushoto. Gari likibadili upande wa kuvuta, mrudishie mteja ufunguo wake na umweleze.

Baada ya hapo ni matairi, na hapa msiwe na haraka, kwa sababu hapa ndipo gari nyingi zinapoponea. Gari huvuta upande wa tairi lenye upepo kidogo. Dodoma tuna migunga, na mwiba wa mgunga hauleti pancha ya kishindo. Unaingia, unavunjikia ndani, upepo unatoka kidogo kidogo. Leo tairi lina PSI 32, kesho 29, keshokutwa 26, na kwa macho limesimama vizuri tu. Dereva anachosikia ni usukani kumvuta. Kwa hiyo usipime upepo kwa kupiga tairi teke. Tumia geji, pima yote manne, uandike. Ukikuta moja limepungua, usijaze tu na kumwachia mteja aende. Paka maji ya sabuni kwenye kashata, yaani meno ya tairi, na kwenye valvu uone povu linatokea wapi.

Pima asubuhi, gari likiwa limepoa. Joto likipanda nyuzi 5 au 6, upepo unapanda kwa takribani PSI 1, na gari lililoegeshwa ubavu mmoja juani linaweza kukupa vipimo viwili tofauti bila tairi lolote kuwa na kosa. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi tunayopokea yametoka Japani, na karatasi zao huandika kPa. Ukiona 220, hiyo ni karibu PSI 32. Ukiona 2.2 pembeni yake, ni kipimo hichohicho kwa njia nyingine. Nimeshawahi kukuta gari dogo lina PSI 45 mbele kwa sababu aliyejaza aliona tairi "limelala". Soma karatasi.

Upepo ukiwa sawa na gari bado linavuta, angalia matairi yenyewe. Kushoto jipya na kulia limekwisha? Saizi ni moja? Aina ni moja? Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT kwenye ubavu: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi mengi mjini kwetu ni ya mtumba, na tairi linaweza kuwa na kashata nzuri huku nyuzi za ndani zimehama. Tairi kama hilo huvuta gari hata alaimenti ikiwa sahihi kabisa. Namna ya kulikamata haigharimu kitu: hamisha tairi la mbele kushoto liende kulia, la kulia lije kushoto, kisha endesha. Gari lililokuwa likivuta kushoto sasa likivuta kulia, umempata mwizi. Likiendelea kuvuta kushoto vilevile, matairi yasamehe, tafuta kwingine. Kama matairi yana mshale wa mwelekeo ubavuni, badilisha la mbele na la nyuma upande uleule badala ya kuvusha.

Mkiwa hapo pitisheni kiganja juu ya kashata. Tairi lililolika ukingo mmoja linakueleza habari za kuinama kwa gurudumu. Lenye ncha kama msumeno, laini ukipitisha mkono kwenda ndani na kali ukirudisha, linakueleza kwamba magurudumu hayatazami mbele sawasawa.

Sasa breki. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi, nami naomba mlishike vizuri. Gari likivuta upande muda wote bila kukanyaga breki, breki inayoshukiwa ni ya upande huohuo linakovuta, kwa sababu inakamata peke yake. Lakini likivuta wakati wa kukanyaga tu, anza na upande wa pili. Likienda kulia ukikanyaga, inawezekana sana breki ya kulia inafanya kazi yake na ya kushoto ndiyo iliyolala. Nimemwona kijana akibadilisha pedi za kulia, zile nzima, na pini za kalipa ya kushoto, kile kifaa kinachobana pedi kwenye diski, zimekauka kwa tope la makorongo ya njia ya vumbi.

Kupima breki inayokamata, endesha kilomita kadhaa ukitumia breki kwa nadra, simama taratibu, kisha linganisha joto la rimu za kushoto na kulia. Sogeza kiganja karibu, usishike. Diski inaweza kukuchuna ngozi. Kisha weka jiwe au gogo nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, inua, weka stendi, zungusha gurudumu kwa mkono. Msiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja, hata bosi akiwaharakisha.

Gurudumu likiwa gumu, fungua nipo, ile nati ndogo ya kutolea upepo kwenye kalipa. Maji ya breki yakiruka na gurudumu likalegea, kuna presha iliyonaswa, na mara nyingi kosa ni mpira wa breki uliovimba kwa ndani: nje unauona mzima, ndani tundu limeziba, maji yanaingia kwa nguvu ya mguu na hayarudi. Gurudumu likibaki gumu hata baada ya kufungua, tazama pistoni na pini za kalipa. Ya mzee wa Bahi ilikuwa mpira. Kitu kidogo, kinashikika kwa vidole viwili.

Miguu ya gari, yaani vyuma na springi zinazobeba magurudumu, nitaipitia kwa kifupi kwa sababu mtajifunza kwa macho kuliko kwa maneno. Bushi, ile mipira ya maungio ya mikono ya chini inayoshika gurudumu, zikilika, gari huvuta ukikanyaga breki na huweza kuvuta upande mwingine ukikanyaga mafuta, maana gurudumu linasogea mbele na nyuma. Mmoja akanyage breki huku gari likisukumwa, mwingine atazame bushi kutoka pembeni. Boljointi, yale maungio ya duara ya gurudumu, na tairodi zitikiseni kwa mkono. Springi iliyovunjika hushusha pembe moja ya gari. Pimeni kutoka chini hadi ukingo wa fenda kwa futi ya kupimia, kushoto na kulia. Na gari linalokumbuka kona, ukikata kushoto linataka kubaki kushoto, ukikata kulia linataka kubaki kulia, lina kitu kinachobana: kiti cha shokapu juu, boljointi iliyokauka, au stelingi yenyewe.

Hayo yote yakishakuwa sawa ndipo muende kwenye alaimenti. Mashine inapima pembe. Haiwezi kujua kwamba bushi imekufa. Ukirekebisha gari lenye bushi mbovu, vipimo vitabadilika kwenye shimo la kwanza. Na dai karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada, umpe mteja. Vipimo vya nyuma visipolingana kushoto na kulia, uliza kama gari liliwahi kugongwa. Gari lililopinda nyuma hutembea kimshazari, na aliye nyuma yake barabarani huliona kabla ya dereva.

Mwisho wa kazi, mwache mteja aendeshe barabara ileile aliyolalamikia, wewe ukae pembeni yake. Asiachie usukani kabisa ili kujaribu, hasa barabara ya Singida au Morogoro ambako malori hayakomi. Kulegeza vidole kunatosha. Mkirudi naye akikubali, kaza nati za magurudumu kwa mara ya mwisho gari likiwa chini, na umwambie apite tena baada ya kilomita 50 hadi 100 uzikaze upya. Kama anakaa mbali, chukua spana iliyo kwenye gari lake na umfundishe kukaza mwenyewe, kwa msalaba, kabla hajaondoka.