Siku ya mwisho Bruxelles kabla ya kurudi Lubumbashi: jibu kwa ndugu wa Kamalondo

Ndugu yetu ameuliza hivi: wako watano, yeye, mke wake na watoto watatu. Wanamaliza mwezi mmoja Ubelgiji nyumbani kwa dada yake, ndege inaondoka saa mbili usiku, na hajui siku ile ya mwisho waijaze na nini. Wengi mmemtajia maduka, wengine mnara wa Atomium. Mimi nimepita njia hiyo mara mbili na familia yangu, 2017 na 2023, na jibu langu nalitanguliza: siku hiyo mpe dada yako. Maduka yalikuwa na mwezi mzima.

Nasema hivyo kwa sababu 2017 tuliipoteza. Asubuhi bado tulikuwa na karatasi ya vitu vya watu: viatu vya shemeji, mabegi ya shule ya watoto wa jirani, mafuta ya nywele ya wadogo zake mke wangu. Tukaingia Rue Neuve tangu maduka yanafunguliwa, kisha tukakimbilia Matonge, mtaa wa Wakongo pale Bruxelles, kutafuta vitenge, watoto wanalia njaa. Tulirudi kwa yaya, dada yangu mkubwa, saa tisa. Yeye alikuwa jikoni tangu asubuhi. Alisonga bukari (ugali), akapika sombe (majani ya muhogo) na samaki, akaweka meza kama ya sikukuu. Tulikula tumesimama, mmoja anatafuna huku anakalia valizi ili zipu ifunge.

Uwanjani, mizani ikasema kilo 27 kwa valizi moja na 29 kwa nyingine, na tiketi zetu ziliruhusu 23 kila moja. Tulifungua mizigo sakafuni mbele ya watu. Kilichotolewa kwanza ndicho kilichokuwa kizito kuliko vyote: masufuria mawili ambayo yaya alimnunulia mama. Tukaagana kwa haraka, mkono mmoja, kwa sababu mstari wa ukaguzi ulikuwa mrefu. Mke wangu aligeuka nyuma na kumwona yaya akielekea kwenye treni peke yake, amebeba yale masufuria ndani ya mfuko wa plastiki. Picha hiyo haijanitoka. Mwezi mzima alituhudumia, na saa yake ya mwisho na sisi tuliimalizia kwenye mizani.

Kwa hiyo, kaka, mambo ya mizigo yamalize jana yake. Simaanishi kuyaanza jana yake, namaanisha valizi zimefungwa, zimepimwa, ziko mlangoni kabla hamjalala. Nunua ile mizani ndogo ya kuning'iniza, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na kilo za ziada. Pima kila valizi na uiache na kilo moja pungufu, maana mtoto mmoja lazima atakumbuka kitu asubuhi. Na watu wa Lubumbashi waliokuagiza vitu, waambie mapema kwamba orodha inafungwa siku tatu kabla. Watanung'unika. Waache wanung'unike, wewe ndiye utakayesimama mbele ya mizani.

Kwenye begi la mkononi weka pasipoti, kadi za chanjo ya homa ya manjano (za watoto pia, zinatakiwa mnapoingia Kongo), dawa, na sweta moja kwa kila mtoto. Betri za kuchajia simu ziende mkononi, haziruhusiwi kwenye valizi za chini. Lakini chokoleti ya kupaka na ile krimu ya biskuti za speculoos ambayo watoto wanaipenda huhesabiwa kama kitu cha majimaji. Kopo likizidi mililita 100 linachukuliwa kwenye ukaguzi, hata kama halijafunguliwa. Binti yangu alinyang'anywa lake na akalia hadi tulipoingia ndani ya ndege. Liweke kwenye valizi, ndani ya soksi. Na kama mke wako atasafiri na watoto peke yake huku wewe ukibaki, asiondoke bila barua yako ya idhini.

Kuna jambo la détaxe pia, watu wetu wengi hulikosa. Ninyi mnaoishi nje ya Umoja wa Ulaya mnaweza kurudishiwa sehemu ya kodi ikiwa ulinunua bidhaa za zaidi ya euro 125 katika duka moja kwa siku moja na ukaomba fomu palepale dukani ukiwa na pasipoti. Fomu ithibitishwe na forodha uwanjani KABLA hujakabidhi valizi, kwa sababu wanaweza kutaka kuona bidhaa yenyewe. Kwa hiyo vitu hivyo viweke juu kabisa, wala usivizike chini ya nguo. Hesabu nusu saa ya ziada kwa hilo.

Sasa siku yenyewe. 2023 tulifanya kitu kimoja tu, na nakushauri ukifanye. Yaya alituamsha akasema twende Tervuren, kwenye lile jumba kubwa la makumbusho ya Afrika. Mwaka 2017 lilikuwa limefungwa kwa ukarabati, lilifunguliwa tena Desemba 2018. Unapanda tramu namba 44 pale kituo cha Montgomery, na kipande kirefu cha njia kinapita msituni, msitu wa Soignes, miti mirefu pande zote. Watoto walitulia kwenye madirisha, sisi wakubwa tukapata nafasi ya kuzungumza. Ndani kuna mtumbwi wa kuchongwa kwa mti mmoja, una urefu wa zaidi ya mita 22. Wanangu waliutembelea toka mwanzo hadi mwisho wakihesabu hatua. Kuna pia malakite za kwetu Katanga, yale mawe ya kijani ambayo huku watoto wanayaona kwa wauzaji wa mapambo. Kijana wangu alisimama hapo muda mrefu, kisha akauliza nani aliyaleta. Sikuwa na jibu fupi la kumpa.

Lakini makumbusho hayakuwa sababu ya yaya kutuleta. Tulipotoka alitupeleka kwa miguu hadi kanisa la Mtakatifu Yohane, pale pale Tervuren. Pembeni mwa ukuta kuna makaburi saba. Mwaka 1897 Mfalme Leopold II aliandaa maonyesho hapo na wakaletwa Wakongo 267. Walijengewa vijiji bustanini karibu na ziwa, wakashinda humo mchana huku zaidi ya watu milioni moja wakipita kuwatazama. Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa cha baridi na mvua. Saba walikufa. Majina yao yako pale: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba, Mibange. Hawakuzikwa hapo tangu mwanzo, walihamishiwa kando ya kanisa miaka mingi baadaye.

Yaya aliyasoma majina yote saba kwa sauti, polepole, kama mtu anayeita watu wa nyumba moja waje kula. Kisha akaniambia huwa anakuja hapo kila mwaka siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, peke yake. Ameishi nchi ile zaidi ya miaka ishirini na sikuwahi kulijua hilo. Nilikuwa najua bei ya nyumba yake na saa anazoingia kazini. Sikujua kwamba kila mwaka anapanda tramu kwenda kuwaita kwa majina watu waliotoka kwetu wasirudi. Tulikaa pale labda nusu saa. Watoto waliokota majani makavu wakayafagia juu ya mawe kwa mikono, hakuna aliyewatuma.

Tulirudi nyumbani saa saba. Bukari ikaliwa tumekaa, na mara hii yaya naye alikaa, kwa sababu jana yake mke wangu na yeye walikuwa wameshapika mboga zote pamoja, kilichobaki ilikuwa kusonga tu. Hili walipange wanawake wenyewe au wanaume mwingie jikoni, vyovyote, lakini dada yako asishinde kwenye moto siku hiyo. Baada ya chakula alileta mfuko. Yale masufuria. Alikuwa amekataa kuyatuma kwa kontena miaka yote sita, alitaka yaende kwa mkono wa mtoto wa mama. Tulikuwa tumeacha kilo nne katika valizi moja, yakaingia, na fulana za watoto zikajazwa ndani yake.

Kwa ndege ya saa mbili usiku, mwe uwanjani saa kumi na moja, na kama mna fomu za forodha ongeza ile nusu saa. Treni kutoka Bruxelles-Central hadi Zaventem huchukua kama dakika ishirini, kituo kiko chini ya uwanja wenyewe, unapanda kwa lifti hadi ghorofa ya kuondokea. Tiketi ya treni ya uwanjani ina nyongeza ya bei, usishangae. Kwa valizi kumi na watoto watatu, mimi ningetafuta gari. Dada yako aje nanyi hadi mwisho, na mkimaliza kukabidhi mizigo msikimbilie ukaguzi. Kaeni naye. Sisi tulipata karibu saa nzima, na kuagana kukachukua muda wake.

Wasiwasi wako kuhusu watoto na usingizi upunguze: Julai na Agosti saa ya Lubumbashi na ya Bruxelles ni moja. Watachoka na safari tu. Ikiwa mnabadilisha ndege Addis Ababa, wape chakula mapema na blanketi mojamoja.

Mwisho, angalia siku yenu inaangukia lini. Ikiwa ni Jumatatu makumbusho yamefungwa. Makaburi yako nje, kando ya kanisa, hayana tiketi wala saa ya kufunguliwa. Tramu ni ileile ya 44, mnashuka kituo cha mwisho.